Siku Kumi Kuelekea Kibla

Binti yangu aliponipigia simu kutoka Edmonton, nchini Kanada, kuniomba radhi ahamie Inuvik, nilidhani ananitajia jina la dawa. Yeye ni muuguzi, na hospitali ya mji huo ilikuwa imemkubali kazi. Nilimwita mjukuu wa dada yangu anifungulie ramani kwenye simu. Kidole chake kikapanda, kikapita miji, kikapita misitu, kikazidi kupanda hata nikahofu kitatoka nje ya dunia. Kiliposimama kilikuwa juu ya Duara la Aktiki, karibu na bahari ya barafu. Nikamuuliza binti yangu swali ambalo mama yeyote wa Mombasa angeuliza: "Huko kuna watu?"

"Kuna watu, mama. Na kuna msikiti."

Sikumpa jawabu siku ile. Ana watoto wawili, mkubwa wa miaka tisa na mdogo wa miaka mitano, na tayari nilikuwa nimewapoteza mara moja walipohama Mombasa. Kuwapoteza mara ya pili, tena mahali ambapo jua hutoweka mwezi mzima wakati wa baridi, lilikuwa jambo zito kwangu. Nilimwambia kwamba radhi yangu haitapita kwenye simu. Nitakuja nipaone kwa macho yangu. Mkwe wangu, ambaye ni fundi wa magari, akasema basi tusiende kwa ndege. Akasema, "Mama, njia ukiiona ndipo utajua mwanao amekwenda wapi."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta, mwanzoni mwa Julai mwaka jana, ndani ya nyumba yenye magurudumu.

Wenzetu wa Amerika ya Kaskazini huyapenda sana magari haya. Nje ni kama lori dogo. Ndani mna jiko la gesi lenye mafiga matatu, jokofu, choo, bomba la kuogea, meza inayogeuzwa kitanda, na kitanda kingine juu ya kichwa cha dereva. Kampuni nyingi za kukodisha hazikubali magari yao yapelekwe kwenye njia tuliyokusudia, kwa kuwa ni ya kokoto na huyavunja. Mkwe wangu alinunua la zamani, akalitengeneza miezi mitatu, akalifungia magurudumu mawili ya akiba na mitungi ya mafuta.

Nakiri kwamba nililidharau gari hilo siku ya kwanza, na siku ya pili nikaanza kulipenda. Mwanamke wa Kiislamu anayesafiri mbali anajua taabu zake: choo cha barabarani, mahali pa kutawadha, sufuria usiyojua jana ilipikiwa nini, dirisha lisilo na pazia. Humo ndani sufuria zilikuwa zetu, nyama ilikuwa ya mchinjaji wetu wa Edmonton iliyogandishwa, na mlango ukifungwa tumo nyumbani. Nilikumbuka hadithi za babu zetu waliokwenda Uarabuni na jahazi, wakipika juu ya sanduku la mchanga huku tanga limejaa upepo. Hata adabu ya maji ilikuwa ile ile. Tangi likisha, limekwisha. Mjukuu wangu mkubwa alifanywa mlinzi wa bomba, na alinikemea bila haya nilipotawadha kwa maji mengi kama niko Mombasa. Maji machafu nayo huwekwa katika tangi lake, huwezi kuyamwaga upendapo; hutafutwa kituo maalumu, na kazi hiyo, alhamdulillahi, ilikuwa ya mkwe.

Edmonton yenyewe sikai nayo sana, ila jambo moja wasomaji wanawake watapenda kulijua. Msikiti wa kwanza kujengwa Kanada, Al Rashid, ulifunguliwa katika mji huo mwaka 1938, na mbele ya waliohangaika kuutafutia kiwanja na fedha alikuwa mwanamke, Bi Hilwie Hamdon, aliyemwendea meya mwenyewe kuomba ardhi. Jengo lile la asili bado lipo, limehifadhiwa katika bustani ya historia ya mji.

Kutoka Edmonton hadi Inuvik ni zaidi ya kilomita 3,200. Msomaji achukue njia ya Mombasa hadi Nairobi aiunganishe karibu mara saba, kisha aondoe Mtito Andei, aondoe Voi, aondoe vibanda vya maembe na mahindi ya kuchoma, abakize miti.

Kutoka Dawson Creek huanza Barabara Kuu ya Alaska. Ilichongwa mwaka 1942, wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Marekani ilipoogopa kwamba Wajapani wataivamia Alaska. Askari zaidi ya elfu kumi waliikata kwa muda wa miezi minane hivi, ndani ya msitu na matope, zaidi ya kilomita elfu mbili. Sikujua kabla ya safari hii kwamba karibu theluthi moja ya askari hao walikuwa watu weusi, wengi wao kutoka majimbo ya joto ya kusini mwa Marekani, katika jeshi lililokuwa bado likiwatenga weusi na weupe. Kikosi chao kimoja kilijenga daraja la mbao juu ya mto Sikanni Chief kwa siku tatu tu. Na tarehe 25 Oktoba 1942, karibu na Beaver Creek, katapila mbili zilizokuwa zikichimba kutoka pande mbili zilikutana msituni. Moja iliendeshwa na Refines Sims, askari mweusi, na ya pili na Alfred Jalufka, askari mweupe. Nilimsomea mjukuu wangu habari hiyo tulipokuwa tukivuka Sikanni Chief, naye akauliza kama walipewa makoti mazito. Nikamwambia baridi ya mwaka ule iliwaumiza sana.

Watson Lake tulisimama kwa ajili ya watoto. Mwaka ule ule wa 1942 askari mmoja aitwaye Carl Lindley, aliyekuwa na hamu ya kwao, alipachika kibao chenye jina la mji wake, Danville, Illinois. Wapita njia wakamfuata, na leo kuna msitu mzima wa vibao, zaidi ya elfu themanini. Mjukuu mdogo alikuwa amechora chake kwenye kipande cha mbao: MOMBASA, na samaki chini yake. Baba yake alikigongomea misumari. Nilitazama vile vibao nikaona kwamba kila kimoja kina mama yake nyuma.

Hapo tayari ni Yukon. Eneo lake linakaribia ukubwa wa Kenya, na wakazi wake hawafiki elfu hamsini, ilhali kaunti ya Mombasa peke yake ilihesabiwa watu zaidi ya milioni moja na laki mbili mwaka 2019. Whitehorse, mji mkuu, tuliupita kwa kununua mafuta, unga na dawa ya mbu. Mbu wa huko si wa kusimuliwa. Watu wa Lamu na Tana wasidhani wanajua mbu.

Safari ya kweli huanza karibu na Dawson City, mahali iendapo kaskazini Barabara ya Dempster. Ni kilomita 736 za kokoto hadi Inuvik. Ilianza kujengwa mwaka 1959 na haikumalizika mpaka 1979, na sababu ya taabu hiyo iko chini ya ardhi. Udongo wa huko umeganda barafu isiyoyeyuka kiangazi wala kipupwe. Ukiuchimba na kuuachia joto, hugeuka uji na barabara ikazama. Kwa hiyo waliijenga juu, wakailaza kwenye tuta nene la kokoto ili barafu iendelee kulala. Kituo cha mafuta baada ya kuianza barabara kipo Eagle Plains, kilomita 369 mbele. Kabla yake hakuna duka, hakuna gereji, na simu haina mtandao.

Nisiwafiche: nilipoona milima ya Tombstone, meusi imechongoka kama meno, na bonde lisilo hata moshi wa jiko moja, nilisema moyoni mwangu, hapana. Mwanangu haji huku. Nikaanza kupanga maneno ya kumkatalia.

Gurudumu la kwanza lilipasuka kilomita mia mbili ndani. Kokoto za huko ni za mawe yaliyopasuka kama visu. Mkwe alikuwa bado hajatoa jeki, likaja lori, likasimama. Dereva hakuuliza sisi ni nani wala tunatoka wapi. Alishuka akashika spana. La pili lilipopasuka siku iliyofuata, gari lililosimama lilikuwa la wazee wawili, mume na mke, na yule mama alinipa chai ya chupa ilhali mimi ndiye nilikuwa na jiko. Binti yangu alinieleza kwamba kwenye barabara hiyo hakuna ampitaye mtu aliyesimama, kwa maana kesho ndiye yeye. Sikusema kitu. Niliweka jambo hilo upande wa pili wa mizani.

Eagle Plains nilikanda unga wa mahamri. Saa yangu ilisema ni saa sita usiku, na jua lilikuwa linamulika mezani. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hata saa zetu za Kiswahili, ambazo huanza kuhesabiwa linapochomoza jua na linapokuchwa, hazikuwa na pa kuanzia. Inuvik jua halichwi kwa siku zipatazo 56, tangu mwishoni mwa Mei hadi kati ya Julai, na mwezi wa Disemba hutoweka kwa siku kama 30. Wajukuu hawakulala mpaka nilipofunika madirisha kwa doti ya kanga zangu, mapazia ya gari hayakufaa kitu.

Je, sala? Mkwe alikuwa amemuuliza imamu wao kabla hatujaondoka. Tulikuwa wasafiri, tukipunguza na kukusanya, lakini magharibi ya nchi isiyo na magharibi ni lini? Imamu alimkumbusha ile hadithi ya Dajjali iliyomo katika Sahihi Muslim, ambapo masahaba walimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu siku iliyo ndefu kama mwaka, kama sala za siku moja zitaitosha, naye akawaelekeza wakadirie wakati wake. Juu ya msingi huo wanavyuoni wamejenga rai zao kwa watu wa nchi za mbali za kaskazini. Wako wasemao wafuate mji wa karibu wenye usiku na mchana, na wengine wana rai nyingine. Waislamu wa Inuvik wamezoea kufuata ratiba ya Edmonton, hata katika saumu. Tukaswali isha kwa saa ya Edmonton, jua likitupiga usoni.

Na kibla je? Hapa mkwe alinishangaza. Alichukua chungwa na uzi. Sisi Mombasa twaelekea kaskazini barabara, kwa kuwa Makka iko juu yetu karibu katika mstari mmoja. Ndiyo maana wazee wetu wa pwani wakisema "upepo wa kibla" humaanisha kaskazini. Inuvik iko upande wa nyuma wa chungwa, karibu kabisa mkabala na mstari huo huo. Ukiuvuta uzi kwa njia fupi kutoka Inuvik hadi Makka, hupanda juu, hupita jirani na ncha ya dunia, ukashuka upande wa pili. Kwa hiyo nao huelekea kaskazini, nyuzi chache tu upande wa mashariki. Nilitandika msala pale penye kokoto, nikasimama nikielekea kaskazini kama nilivyosimama maisha yangu yote. Sikujua nicheke au nilie.

Mbele kidogo, kilomita 405, kuna bango la Duara la Aktiki. Tulipiga picha, mbu wakatufukuza. Kundi kubwa la kulungu wa kaskazini waitwao karibuu, waliohesabiwa zaidi ya laki mbili mwaka 2017, hupita nchi hiyo, lakini wakati wetu walikuwa mbali. Mjukuu mdogo alihuzunika sana, kwani kwa siku nne alikuwa akiita dirishani, "Karibu! Karibu!" akiamini wataitika kwa jina lao.

Tulikwama kwenye mto Peel. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, maji yalijaa na kubeba magogo, na kivuko kilisimamishwa. Mito miwili mikubwa ya njia hiyo, Peel na Mackenzie, haina madaraja. Kiangazi watu huvushwa kwa feri bila nauli, inayotia nanga kwenye gati la udongo. Wakati wa baridi kali magari hupita juu ya barafu yenyewe. Baina ya majira hayo mawili, barafu inapoanza kushika au kuvunjika, hakuna cha feri wala cha barafu, na Inuvik hufikika kwa ndege tu. Mimi niliyelalamikia Likoni miaka yote nilikaa kitako nikanyamaza.

Tulikaa siku mbili. Ng'ambo ya pili ni Fort McPherson, kijiji cha Wagwich'in, wenyeji wa asili wa nchi ile. Ndiko walikozikwa askari wanne wa polisi waliotoka hapo Disemba 1910, wakiongozwa na Francis Fitzgerald, wakaelekea Dawson kwa magari ya mbwa. Njiani walimchukua Mgwich'in mmoja awaonyeshe njia, kisha baada ya siku chache wakamlipa, wakamwacha. Walipotea, wakakosa kijito walichokitafuta, wakala mbwa wao, na wote wakafa walipokuwa wakirudi. Koplo Jack Dempster ndiye aliyewapata Machi 1911, na barabara ikapewa jina lake. Yule aliyeijua njia hakupewa barabara.

Upande wetu wa mto kulikuwa na bibi mmoja wa Kigwich'in katika kambi yake ya kuvua. Alikuwa amewapasua samaki na kuwatundika juu ya moshi, na nilipowaona nilisema kwa sauti, "Ng'onda!" Nilimpelekea mahamri, akanipa samaki. Binti yangu alikuwa mkalimani. Bibi aliuliza twendako, akaambiwa. Akauliza mbona uso wangu ni wa msiba. Sijui binti yangu alimtafsiria nini, ila jawabu alinirudishia huku macho yake yakikwepa yangu.

"Anasema, watoto wake wote wamekwenda kusini na hakuna aliyerudi. Anasema, hospitali ya Inuvik wauguzi huja na kuondoka, kila akienda hukuta sura mpya. Anauliza, mimi nitakaa muda gani?"

"Nawe umemwambia nini?"

"Nimemwambia bado namngoja mama yangu aseme."

Yule bibi alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akanichagulia samaki mwingine, mkubwa zaidi.

Inuvik tuliingia siku ya kumi, gari zima limegeuka rangi ya vumbi. Ni mji wa watu wapatao elfu tatu, uliojengwa miaka ya 1950. Nyumba zake zimesimama juu ya nguzo ili joto lao lisiyeyushe ardhi, na mabomba ya maji safi na maji taka hupita juu ya ardhi ndani ya masanduku ya bati, kutoka nyumba hadi nyumba. Bei ya maziwa na mboga dukani ilinifanya nirudishe nilivyovishika.

Msikiti ni mdogo, na una habari yake. Waislamu wa hapo, wapatao mia moja, wengi wenye asili ya Sudan, Lebanon na Misri, walikuwa wakiswali katika chumba kibovu, na kujenga hapo kulikuwa ghali mno. Wakfu mmoja wa Kiislamu wa Manitoba ukajenga msikiti huko Winnipeg, ukaupakia mzima mzima juu ya lori. Ulisafiri kilomita zipatazo elfu nne mwaka 2010, ukakaribia kuanguka kwenye kijito, kisha ukapandishwa tishari na kuteremshwa mto Mackenzie, mwishoni mwa majira ya tishari, kabla barafu haijafunga mto. Mnara ukajengwa hapo hapo, nao ukafunguliwa Novemba. Msikitini hugawiwa pia chakula kwa wahitaji wa mji, wawe Waislamu au la.

Nilikaa na wanawake baada ya adhuhuri. Walikuwa saba. Niliwauliza bei, shule, giza la Disemba, na mwisho nikauliza lile lililokuwa likinikaba tangu Mombasa: mwanamke akifa huku, nani atamwosha? Palikuwa kimya. Kisha mama mmoja wa Kisudani, mwenye hina mikononi, akasema kwa Kiarabu nilichokielewa nusu: "Sisi hawa unaotuona." Akainua mkono wake na kuwaonyesha wenzake mmoja mmoja. Akaniuliza kama nimewahi kuosha maiti. Nikasema, nimeosha wengi. Akauliza kama binti yangu anajua. Nikasema, hajui. Akasema nimfundishe kabla sijaondoka, kwani wao wanahitaji wa nane.

Nilimfundisha jioni ile, kama ilikuwa jioni, ndani ya gari, kwa mwanasesere wa mjukuu wangu na mtungi wa maji. Mlinzi wa bomba hakutukemea. Tulipomaliza, binti yangu alibaki ameshika kile kitambaa kilicholowa, hakuuliza kitu, nami nikamwambia radhi yangu anayo.

Alianza kazi Septemba. Juzi amenipigia simu: feri imesimama, barafu haijashika bado, na maziwa yamepanda tena. Ameomba nimpelekee hiliki, buni na kanga za madirisha. Nimeshazifunga, zinangoja ndege.